Kompyuta ya Sebuleni na Haki ya Sitara

Katika nyumba nyingi zenye kompyuta, mashine ni moja na watumiaji ni wengi. Baba anapigia hesabu za duka, mama anasomea barua pepe za kazini, watoto wanafanyia kazi za shule, na mgeni aliyeshuka jana kutoka Muscat anaomba aangalie tiketi yake ya kurudi. Wote wanapitia kivinjari kilekile, nacho kinaweka kumbukumbu ya kurasa walizofungua. Tuseme kijana wa nyumba hiyo anataka kujua kama kesho kutanyesha. Anaandika herufi "u" ya "utabiri", na kabla hajafika herufi ya pili, orodha inateremka ikiwa na maneno yaliyotafutwa na mwenzake usiku: "uvimbe kwenye titi". Hakupekua chochote. Lakini nyumbani mna wanawake watatu, na tayari ameanza kuwahesabu mmoja mmoja moyoni.

Mpaka hapo ni bahati mbaya. Kinachofuata ni uamuzi. Kwa kubonyeza vitufe viwili anaweza kufungua historia yote ya kivinjari, imepangwa kwa tarehe na saa, akajua ni nani, aliuliza nini kingine, na kama alifungua ukurasa wa hospitali. Je, ana haki hiyo? Kompyuta ni ya wote, haikufungwa kwa nywila, na anayetaka kumpekua ni mtu wa damu yake, ambaye bila shaka anamtakia heri.

Swali hili wengi humwachia fundi wa kompyuta. Fundi ana lake la kusema, na litafika. Lakini dini zilianza kulijibu kabla ya umeme, na jibu lao linamgeukia zaidi mwenye jicho kuliko mwenye siri.

Kurani, katika Sura An-Nur, inakataza kuingia nyumba ya watu bila kuomba ruhusa na kutoa salamu. Mwenyeji akisema rudi, mgeni arudi. Agizo hilo linajulikana kwa kila aliyekulia pwani, ambako hodi hupigwa hata mlango ukiwa wazi. Isiyotajwa sana ni aya ya 58 ya sura hiyohiyo, ambayo wageni haiwahusu kabisa. Inawahusu watu wa nyumba moja. Watumwa wa nyumba hiyo na watoto ambao hawajabaleghe, wanaoingia na kutoka kutwa nzima, wanatakiwa waombe ruhusa nyakati tatu: kabla ya swala ya alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo wapumzike, na baada ya isha. Kuishi chini ya paa moja, basi, hakumpi mtu ruhusa ya kuona kila kitu kila saa.

Imamu Malik, katika Muwatta, amepokea kisa cha mtu aliyemuuliza Mtume kama abishe hodi anapoingia kwa mama yake. Akaambiwa abishe. Akasema kwamba anaishi naye nyumba moja. Akaambiwa abishe. Akaongeza kwamba yeye ndiye anayemhudumia. Jibu halikubadilika, ila mara hii aliulizwa kama angependa kumkuta mama yake akiwa uchi. Bukhari na Muslim nao wamepokea habari ya mtu aliyechungulia kwenye tundu la mlango wa Mtume, naye Mtume ana kitana cha chuma mkononi anajikunia kichwa. Mchunguliaji alikaripiwa vikali, akaelezwa kwamba kuomba ruhusa kumewekwa kwa sababu ya jicho. Miguu yake ilikuwa bado nje. Kosa lilishatimia kwa kutazama.

Hoja inayosikika sana katika nyumba za wacha Mungu ni kwamba asiye na kosa hana la kuficha, na kwamba Mwenyezi Mungu anaona yote, kwa hiyo kufuta historia ya kompyuta ni kujidanganya. Hoja hiyo ina uzito kwa mtu anayejihoji mwenyewe. Haina uzito wowote mdomoni mwa mtu anayempekua mwenzake. Kitabu kilekile kinachosema Mungu anaona yote ndicho kinachowakataza waumini kupelelezana, katika Sura Al-Hujurat, aya ya 12. Ujuzi wa Mungu hakukabidhiwa mume, mke, kaka wala mama mkwe. Tena Mungu, kwa imani ya waumini, anajua nia. Anayesoma historia ya kivinjari anaona maneno matatu na saa. Anaona "taratibu za talaka" na hajui kwamba aliyetafuta alikuwa akimsaidia shangazi yake. Anaona "dalili za ukimwi" na hajui kama ni hofu, kazi ya shule au habari ya rafiki. Pengo linalobaki analijaza kwa dhana. Aya hiyo inakataza dhana kwanza, kisha upelelezi, kisha kusengenya, na huo ndio mwendo wa mambo majumbani: mtu anashuku, anapekua, anasimulia.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, anasimulia katika Ihya Ulum al-Din jinsi Khalifa Umar alivyopanda ukuta wa nyumba ya mtu usiku akamkuta katika maasi. Alipomkemea, yule mtu alijibu kwamba yeye amekosa jambo moja na khalifa amekosa matatu: amepeleleza, hakupitia mlangoni, na hakuomba ruhusa wala kutoa salamu. Umar alimtaka atubu, akaondoka. Mwenye mamlaka makubwa kuliko wote katika dola alikubali kwamba dhambi ya kweli iliyopatikana kwa njia hiyo haikumpa haki ya kuendelea. Ni nadra kwa mtu aliyeshika simu au kompyuta ya mwenzake kujiuliza kama ana mamlaka makubwa kuliko Umar.

Wayahudi na Wakristo wana kisa cha Nuhu katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 9. Nuhu alilewa, akalala bila nguo ndani ya hema. Mwanawe Hamu alimwona, akatoka kuwasimulia ndugu zake. Shemu na Yafethi walichukua vazi, wakalibeba mabegani, wakaingia wakirudi nyuma hatua kwa hatua, nyuso zimeelekea nje, wakamfunika baba yao. Kisa hiki kilitumiwa kwa karne nyingi na waliotaka kuhalalisha utumwa wa Waafrika, jambo lisilo na msingi hata ndani ya kisa chenyewe, kwa kuwa laana iliyomo inamtaja Kanaani, mwana wa Hamu. Cha kuzingatia hapa ni mwendo wa wale wawili. Habari ilishawafikia, kama inavyomfikia mtu aliyeletewa maneno ya mwenzake na kivinjari. Hawakujifanya hawajui. Walichagua kutotazama zaidi, wakashughulikia haja ya mzee wao.

Mafundisho hayo yaligeuka kuwa sheria. Rabi Gershom ben Yehuda wa Mainz, Ujerumani, ananasibishiwa marufuku ya mnamo mwaka 1000 ya kusoma barua ya mtu bila idhini yake, ambayo aliyeivunja alistahili kutengwa na jumuiya. Mtaguso wa Nne wa Laterano wa mwaka 1215, uliowaamuru Wakatoliki kuungama walau mara moja kwa mwaka, ulimfunga padri asitoe siri ya kitubio. Kanisa lililohubiri Mungu anayejua yote liliona kwamba mtu hataweza kusema ukweli wake bila mahali ambapo maneno yake hayatatoka.

Mwanafalsafa Mmarekani James Rachels, katika makala ya mwaka 1975, alieleza kwa nini faragha ina thamani hata kwa asiye na la kuonea haya. Mahusiano ya watu, alisema, hutofautiana kwa yale wanayoambiana. Asiyeweza kuchagua nani ajue nini hawezi kuwa rafiki kwa mmoja, mzazi kwa mwingine na mgonjwa kwa daktari. Mwanamke mwenye uvimbe anaweza kutaka dada yake ajue leo, mumewe ajue akishaonana na daktari, na watoto wajue majibu yakitoka. Mpangilio huo ni sehemu ya upendo wake kwao. Anayefungua historia anamnyang'anya nafasi ya kusema mwenyewe.

Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 31, na ya Tanzania, ibara ya 16, zinatambua haki ya faragha ya mtu, ya nyumba yake na ya mawasiliano yake. Lakini mambo ya sebuleni kwa kawaida hayafiki mahakamani. Yanabaki mikononi mwa adabu, na adabu inahitaji kusaidiwa na mpangilio mzuri wa mashine.

Hapa ndipo fundi anapoingia. Katika nyumba nyingi za pwani mlango wa chumba hushinda wazi, na pazia linatosha. Dirisha la faragha la kivinjari ni pazia la namna hiyo. Safari ya Apple ilikuwa nalo tangu 2005, Chrome ikafuata 2008, Internet Explorer na Firefox 2009. Likifungwa, historia na vidakuzi vya kipindi hicho havibaki kwenye mashine. Faili zilizopakuliwa zinabaki. Kampuni ya intaneti bado inaweza kujua tovuti zilizotembelewa, na tovuti zenyewe zinaendelea kukusanya taarifa. Mwaka 2020 watumiaji waliishtaki Google huko California wakidai iliendelea kukusanya taarifa zao ndani ya hali fiche, yaani dirisha la faragha la Chrome. Mwaka 2024 kampuni hiyo ilikubali kuharibu au kuondoa utambulisho katika mabilioni ya kumbukumbu.

Kinga iliyo bora nyumbani ni kila mtu kuwa na akaunti yake na nywila yake kwenye kompyuta ileile. Windows, Mac na Linux zote zinaruhusu, na kazi yenyewe haichukui muda. Faili zinatengana, historia zinatengana, na mgeni anafunguliwa ya mgeni. Familia inayotumia akaunti moja ya Google kwenye vyombo vyote hujitia mtegoni bila kujua, kwa sababu usawazishaji unaweza kuleta kwenye kompyuta ya sebuleni kurasa zilizofunguliwa kwenye simu chumbani. Aliye msimamizi wa mashine naye ana uwezo wa kufungua faili za wengine. Amepewa amana, na wenzake wana haki ya kujua kwamba anao uwezo huo.

Kuna nyumba ambako hata hayo hayatoshi. Mke anayepigwa akitafuta msaada yuko hatarini zaidi mumewe akiona alichosoma. Watu wanaosaidia waathirika wa ukatili huonya kwamba hata kufuta historia yote kwa ghafla kunaweza kuamsha shuku, na kwamba huenda mashine iliwekewa programu ya kunasa kila herufi. Ushauri wao ni kutumia kompyuta ambayo mume haifikii: ya rafiki, ya maktaba, ya kazini. Anayesema sitara ni kichaka cha wakosaji amfikirie mwanamke huyo kwanza.

Kizuizi cha kupeleleza hakijawahi kuwa bila mipaka. Mwanasheria wa Kiislamu Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, aliruhusu msimamizi wa maadili kuchunguza pale mtu mwaminifu anapoleta habari kwamba kuna anayekaribia kuuawa, kwa kuwa uhai ukipotea haurudi. Mzazi anayeona dalili kwamba mtu mzima asiyejulikana anamrubuni mwanawe mtandaoni yuko katika hali hiyo. Akichelewa kwa jina la adabu, atakuwa ameiacha amana yake.

Hali hiyo ni tofauti na mazoea ya kupekua kila Ijumaa usiku. Sura An-Nur inatoa hata ngazi za umri: aya ya 59 inasema watoto wakibaleghe waombe ruhusa kama watu wazima wanavyoomba, na kwa mantiki hiyohiyo wao nao wanaanza kustahili kuombwa. Mtoto wa miaka minane anaweza kutumia kompyuta mzazi akiwa ubavuni, kwa akaunti ambayo mzazi anaijua nywila yake, na aambiwe wazi kwamba historia yake inasomwa. Wa miaka kumi na sita anahitaji kuambiwa ni lini usomaji huo utakoma, na katika hali gani utarudi. Mazungumzo hayo ni magumu, na nyumba nyingi huyakwepa kwa kuweka programu ya siri kwenye mashine. Mzazi aliyeyafanya atalazimika kumuuliza mwanawe kwa mdomo mambo ambayo angeweza kuyasoma kimyakimya, na kungoja jibu kwa muda ambao mtoto ndiye atakayeuamua.