Nani Anaangalia Nje?



Msimu wa mvua huku kwetu Kibondo, kuna asubuhi ukungu unakaa chini mpaka jua lipande. Ukiwa karibu na uwanja wetu mdogo wa ndege unaweza kusikia injini kabla hujaiona ndege yenyewe. Utotoni tulikuwa tunabishana: je, rubani anatuona? Jibu nilikuja kulipata ukubwani, kwa binamu yangu mmoja aliyesomea urubani. Alicheka. "Mdogo wangu, ndani ya wingu hakuna anayeona. Pale unasoma vyombo tu."

Akanieleza wanavyofundishwa. Siku ya anga safi mwanafunzi anavalishwa kofia yenye kizuizi, asione nje, abaki na zile saa zilizo mbele yake. Anajifunza kuziamini kuliko mwili wake, maana bila upeo wa macho mwili unadanganya: ndege imelala ubavu, wewe unajiona umekaa wima. Mwaka 1954, Chuo Kikuu cha Illinois kule Marekani kiliwajaribu marubani 20 ambao hawakuwa na mafunzo hayo. Wote 20 walishindwa kuimudu ndege, kwa wastani ndani ya sekunde 178. Hata dakika tatu hazifiki! Walichokuwa nacho ni mtu wa pembeni anayeona.

Huyo wa pembeni katika mafunzo anaitwa rubani wa usalama. Mwanafunzi kafunikwa macho, lakini ndege nyingine hazijaondoka angani, wala milima. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinataka ndege iwe na usukani pande mbili, na huyo mtu awe rubani mwenye sifa, anayeona vya kutosha mbele na kila upande. Kama kuna upande haoni vizuri, basi awepo mwingine ndani ya ndege, anayeuona upande huo na anayewasiliana naye.

Nikamuuliza binamu, hatari kubwa ni ipi, rubani wa usalama kusinzia? Akasema hapana, ni kunogewa. Mwanafunzi anahangaika na mshale mmoja, na yule wa pembeni anainama kuangalia huo mshale. Vichwa viwili ndani, nje hakuna mtu.

Hapo ndipo nilipomkumbuka rafiki yangu wa Kasulu.

Tulikuwa wote VIWAWA. Kwaresima moja, baada ya mafungo, aliniambia, "Nimeacha kubeti. Ukiona nimerudia usinichekee, niambie." Nikasema sawa. Neno jepesi kweli. Baada ya miezi miwili hivi, Jumamosi moja kijiweni, akanionyesha simu: mkeka umetiki, laki na ishirini. Nilikumbuka kabisa alichoniomba. Nami nikainama kwenye ile simu: "Uliweka shilingi ngapi? Ya kesho ipi?" Kesho yake na mimi nikaweka elfu mbili.

Baadaye mama yake akamtuma kuuza magunia sita ya maharage. Pesa haikufika nyumbani, na ada ya mdogo wake ilikuwa humo humo.

Hakuna aliyenilaumu. Yeye ndiye aliyebonyeza, tena ni mtu mzima, ana akili zake na uhuru aliopewa na Mungu. Nilipoenda kuungama nilitaja ile elfu mbili, nikatoka. Ukimya wangu sikuutaja, ingawa kwenye Misa tunapiga kifua kwa ajili ya wajibu tusioutimiza pia. Sijui wenzangu, mimi maneno yale nilikuwa nayapita haraka.

Sasa swali linalonisumbua ni hili: kama dhambi ni yake, mimi nadaiwa nini? Nimelizungusha sana. Mtu aliyekuwa anapita tu kijiweni pale pengine hadaiwi kitu. Mimi nilikuwa nimekubali kiti. Na kukubali kiti kunabadilisha jambo, maana mwanafunzi anavaa ile kofia kwa sababu kuna mtu pembeni. Bila huyo mtu asingeivaa. "Sawa" yangu ilimfanya rafiki yangu aache kujichunga upande mmoja, akiamini upo mikononi mwangu. Ningekataa, pengine angemtafuta mwingine. Kwa hiyo kukubali kisha kunyamaza kulimwacha pabaya kuliko ningemkatalia tangu mwanzo.

Wapo wanaokosea kinyume chake: kapewa kiti, kila dakika anang'ang'ania usukani, anapekua simu ya mwenzake. Huyo naye hamsaidii mtu kujifunza kuruka. Tena hapa mfano unachechemea kidogo, kwa sababu urafiki hauna usukani wa pili. Tuna mdomo tu.

Na upofu wangu je? Mimi mwenyewe mikeka naipenda. Ningeweza kumwambia siku ile ile ya mafungo, "Upande huo sioni vizuri, tumwombe na katekista atuangalie wote wawili." Kanuni haimfukuzi rubani asiyeona upande mmoja, inamwongezea mtu. Lakini lazima kwanza aseme haoni. Mzee Tobiti katika Maandiko alikuwa kipofu, na alipotaka kumtuma mwanawe safari ya mbali hakumpa mwenzi yeyote tu. Alimhoji kwanza, wewe ni wa ukoo gani. Mimi hakuna aliyenihoji, na sikujihoji.

Wiki iliyopita nilipanda basi kwenda Kasulu. Nilimkuta anapakia magunia ya watu kwenye lori, anamlipa mama yake kidogo kidogo. Nikamwambia, "Siku ile ya laki na ishirini nilikumbuka ulichoniomba, nikanyamaza." Alijifuta vumbi usoni, akakaa kimya kitambo.

"Nilijua umekumbuka," akasema. "Ndiyo maana nilikuonyesha."

Halafu akaniambia nishike upande wa pili wa gunia.