Istikama na Mkono wa Juu wa Trekta

Shemeji yangu, mkulima wa mpunga na pamba katika nchi ya Kahama, aliponijia mwishoni mwa kiangazi akiomba tushauriane juu ya kulinunulia trekta lake dogo mkono wa juu wa haidroliki, ule ambao mafundi huuita toplinki, nilidhani jambo lililoletwa mbele yangu ni la vipimo na bei tu. Lakini kadiri mazungumzo yalivyoendelea ndivyo nilivyotambua kwamba chini ya swali lake lilikuwako swali jingine, kongwe zaidi, la istikama, yaani kudumu katika njia uliyoishika, ambalo masheikh na mapadri wamelihangaikia kwa karne nyingi: mja aliyekwisha kuweka nia, kisha akageuza mwendo angali katikati ya amali, je, amepotoka au ameongoka?

Trekta hushika zana yake kwa mikono mitatu. Miwili ya chini huivuta na kuinyanyua; wa tatu, ulio juu katikati, ndio uamuao mwinamo. Ukifupishwa, pua ya plau huinama ikazama ardhini; ukirefushwa, pua huinuka, na plau ikakwangua juu juu. Aliyeupa mkono huo daraja yake ni Harry Ferguson, Mwayalandi aliyezaliwa mwaka 1884. Kabla yake plau ilikokotwa nyuma ya trekta kama mkokoteni, na iliponasa kwenye kisiki, mashine iliweza kuinuka mbele ikampindukia dereva na kumwua. Yeye aliunganisha plau na trekta vikawa mwili mmoja, akaufanya mkono wa juu uwe mithili ya mshipa wa hisia, kwani ardhi izidipo ugumu plau huusukuma mkono huo mbele, nao huipasha habari mitambo ya mafuta, na plau ikanyanyuka kidogo pasipo dereva kugusa kitu. Matrekta yake ya kijivu yaliyoundwa Coventry baina ya mwaka 1946 na 1956 yalizidi nusu milioni, na mpango ule wa mikono mitatu ungali unatumika ulimwenguni kote.

Mkono wa asili ni wa skrubu. Dereva hushuka, huuzungusha, hukaza nati, hupanda tena kitini, na lolote aliloamua pale ukingoni mwa shamba ndilo litakalomtawala mpaka ashuke mara nyingine. Katika Usukuma hukumu ya namna hiyo haikai sawa kwa muda mrefu. Shamba moja litelemkalo kutoka kilimani laweza kuanza na luseni, mchanga mwepesi usiomshinda hata mtoto mwenye jembe la mkono, likapita kwenye itogolo ishupaayo ikikauka, likaishia mbugani penye udongo mweusi unaonata masika na kupasuka nyufa kiangazi. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Amani, ndiye aliyeupa mfuatano wa udongo wa aina hii jina la katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo, katika miaka ya 1930; ila wazee wa Kisukuma walikuwa wakiita kila pingili ya mnyororo huo kwa jina lake bila kumngoja. Na shemeji, fauka ya kulima, husawazisha majaruba kwa bleti, ubapa wa chuma ufungwao nyuma ya trekta, kazi ambayo hudai mwinamo ubadilishwe kila baada ya hatua chache, la sivyo maji yatasimama upande mmoja na mpunga wa upande wa pili utakauka.

Hata hivyo alikuwa na wasiwasi, nami siudharau. Marehemu baba yake alilima kwa maksai, na aghalabu alimwambia kwamba mkulima hupima kabla ya kufunga nira, maana ng'ombe wakishaanza mtaro hawasimamishwi kwa mashauri. Shemeji alichelea kwamba mtu awezaye kurekebisha kosa kwa kidole, ameketi, ataacha kufikiri ukingoni. Kwamba usahali wa kutengeneza utazaa uvivu wa kukusudia. Hili ni neno la haki. Nimewaona watu walioichukulia toba hivyo hivyo, wakitenda leo kwa kuwa mlango wa kesho u wazi.

Nilimjibu kwa mpango wa Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ambaye katika kitabu chake cha Ihya alifundisha kwamba mtu hushartiana na nafsi yake kabla ya amali, huichunga wakati wa amali, na huihesabu baada yake. Skrubu hutimiza la kwanza na la mwisho. La kati haliwezi, kwa sababu dereva aonaye mtaro ukiharibika hana budi kusimama na kushuka, na mtu aliyechoka jua la mchana hasimami. Husema moyoni, basi, na iwe hivyo. Mke wa shemeji, ambaye ni Mkatoliki, alikuwa akitusikiliza huku akichambua mchele, akasema kwamba kwao nao mtu huchunguza dhamiri kila jioni wala hangoji siku ya kitubio. Kwa hiyo sikuona kwamba nia inavunjwa na marekebisho. Nia ya shemeji haikuwa mkono uwe na urefu fulani. Nia yake ilikuwa jaruba liwe sawa, na urefu ulikuwa mtumishi tu.

Lakini liko badiliko la aina nyingine, na hapo ndipo penye uzito wa shauri hili. Silinda ya haidroliki ikivuja kwa ndani, au ikikosa valvu ya kuyafunga mafuta pande zote mbili mpaka dereva aguse wenzo, mkono hurefuka polepole kwa uzito wa zana, na bleti huinama bila mtu yeyote kuamua. Machoni mageuko haya mawili hufanana. Moja ni ikhtiyari, jingine ni kuchukuliwa. Nilipolisema hili shemeji alinyamaza kitambo, kisha akamtaja mwanawe aliyeko Geita katika machimbo madogo, ambaye kila isikikapo kwamba mahali fulani dhahabu imetoka huacha duara, yaani shimo, alilokwisha kulichimba kwa miezi na kuifuata rashi pamoja na umati. "Shemeji," akaniuliza, "huyu hubadilika, au hubadilishwa?" Sikumjibu, kwa kuwa sikuwamo moyoni mwa kijana, na njaa nayo ina hoja zake.

Basi tukarudi kwenye chuma. Tulipima kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini bleti likiwa limekaa sawa, tukatafuta silinda ambayo kipimo hicho kingeangukia karibu na katikati ya mwendo wake, ipate nafasi ya kufupika na ya kurefuka; pini za milimita 19, kwa maana zile za 25 ni za matrekta makubwa; mafuta yasukume pande zote mbili, kwa kuwa mkono huu husukumwa na kuvutwa; na matundu mawili ya mafuta nyuma ya trekta, ambayo lake halikuwa nayo, ikabidi yaongezwe. Juu ya valvu ya kufunga nilisisitiza kuliko yote, ingawa ilipandisha bei.

Siku silinda ilipofungwa, shemeji alinyanyua bleti magharibi, akaiegemeza mikono ya chini juu ya magogo, akachora kwa chaki mstari kwenye fimbo ya silinda pale inapotokea. Tuliposwali alfajiri tulikwenda na kurunzi. Mstari ulikuwa umetoka nje kwa upana wa kidole. Hakukasirika, alikwenda Kahama mjini, kwa fundi wa mipira ya haidroliki ambaye riziki yake hutoka zaidi kwenye mitambo ya migodini, akafunguliwa silinda na kubadilishiwa kizuizi cha mafuta cha ndani, na jioni ile akachora mstari mwingine. Ule mkono wa skrubu hakuuuza. Ameufunga kwa waya nyuma ya kiti.