Makorongo ya Kondoa: Deni ni la Nani?

Yako maswali ambayo mtu huyakuta vitabuni, na yako mengine ambayo nchi yenyewe hutuuliza. Kaskazini mwa Mkoa wa Dodoma, katika milima ya Irangi wilayani Kondoa, nchi yatuuliza hivi: Uharibifu ulioanza kabla hatujazaliwa, ni juu ya nani kuutengeneza?

Kwanza na tuitazame nchi yenyewe. Milima ya Irangi yasimama ukingoni mwa Bonde la Ufa, na upande wa mashariki nyika ya Wamasai imetandazwa chini yake. Udongo wake ni mwekundu, wala haushikamani sana. Masika ni moja tu kwa mwaka, tangu Desemba hata Aprili, na mvua ya kwanza huikuta nchi imekauka miezi mingi, majani yameliwa, ardhi i wazi. Ndipo maji hushuka kwa nguvu. Hufuata njia ya ng'ombe iendayo kisimani. Njia huwa mfereji, mfereji huwa shimo, na kichwa cha shimo hupanda mlima mwaka kwa mwaka, kikilila shamba kutoka chini. Hayo ndiyo makorongo. Mengine yashuka chini kupita kimo cha nyumba, kuta zake zimesimama kama zilizokatwa kwa panga, na mizizi ya miti yaning'inia hewani. Mchanga uliotoka humo umeijaza mito ya bondeni, hata wakati wa kiangazi yaonekana kama barabara pana zisizo na mwendaji.

Tena katika milima hiyo hiyo, hasa huko Kolo, kando ya njia kuu iendayo Arusha, watu wa kale walichora picha chini ya miamba iliyoinama. Wawindaji walichora kwa rangi nyekundu tembo, twiga, pofu, na watu wembamba. Waliokuja nyuma yao, wakulima na wafugaji, walichora kwa rangi nyeupe. Mwaka 1951 Mary Leakey alifanya kazi huko ya kuzinakili, na mwaka 2006 UNESCO ikaitia miamba hiyo katika Urithi wa Dunia. Leo pimbi waota jua juu yake. Bali atakaye kuwaona tembo na twiga walio hai, sharti aende mbele zaidi, kwenye pori la Mkungunero na mbuga ya Tarangire.

Basi, makorongo yamechimbwa na nani? Wengi hujibu upesi: ni wafugaji, kwa ng'ombe wao wengi. Lakini jambo hili si jepesi hivyo. Wachunguzi waliopima umri wa mchanga uliolala katika bonde la Haubi wameona ya kwamba mmomonyoko una mamia ya miaka. Katika karne ya 19 misafara ya biashara ilipita Kondoa, nayo ilihitaji chakula, mashamba yakapanuliwa. Siku za utawala wa Waingereza misitu na vichaka vilifyekwa ili kumfukuza mbung'o. Kwa hiyo mikono iliyochimba ni mingi: mvua, mkulima, mfugaji, mfanya biashara, na mtawala. Na wengi wa watu hao wamekwisha kulala makaburini.

Hapo ndipo mtu wa leo asemapo, "Si mimi niliyechimba." Asema kweli. Hatia hairithiwi. Haifai kumhukumu mwana kwa kosa la babu yake, wala hatutaki kusikia mfugaji maskini akiitwa mharibifu wa nchi kwa sababu tu alizaliwa karibu na shimo.

Lakini hatia ni neno moja, na deni ni neno jingine. Twajua desturi ya kwetu: mtu akifa, huulizwa mbele ya watu kama yuko anayemdai marehemu. Wana wake hawajibu, "Hatukukopa sisi." Wakipokea shamba na ng'ombe, hupokea na deni. Nasi twapenda kuzionyesha picha za Kolo na kusema, "Huu ni urithi wetu." Je, ni nani kati yetu aliyezichora? Hakuna. Tukijivunia picha ambazo hatukuzichora, twawezaje kulikana korongo kwa kuwa hatukulichimba? Mlima ni ule ule. Anayeushika urithi kwa mkono wa kuume, asiufiche mkono wa kushoto.

Mtu atatuuliza: Deni lazima liwe na mdai, mdai wa korongo ni nani? Waliokufa hawadai tena. Mdai ni yule mtoto atakayetaka kulima pale ambapo leo kichwa cha shimo hakijafika. Hana kinywa bado, hawezi kwenda barazani kushtaki. Ndiyo maana deni lake ni rahisi kusahauliwa, na ndiyo maana ni zito.

Tukiisha kukubali deni, swali gumu zaidi labaki: nani atoe malipo? Mwaka 1973 Serikali ilianzisha kazi ya Hifadhi Ardhi Dodoma, iitwayo HADO, kwa msaada wa Sweden. Makinga maji yakachimbwa, miti ikapandwa. Mwaka 1979 ikaamriwa mifugo yote iondolewe katika eneo lililoharibika la Kondoa, lenye kilomita za mraba 1,256; wakatolewa wanyama karibu 90,000. Nchi ilijibu: majani yakaota, miti ikachipuka, na kingo za mito ya mchanga zikashikwa na nyasi. Baada ya miaka kumi hivi ng'ombe wa maziwa wakaruhusiwa, ili walishwe zizini.

Matunda hayo twayasifu. Walakini yatupasa kuiona na gharama yake. Nyumba zilikosa maziwa, mbolea ya shamba, na akiba ya siku ya njaa. Na mifugo mingi iliyotolewa ilikwenda kwenye malisho ya jirani, bondeni. Kukihamisha kidonda si kukiponya. Deni la wote lililipwa na wachache, tena wale waliokuwa na kidogo. Twasema basi, amri ya kuiokoa nchi yaweza kuwa ya haki, lakini haki yake haitimii mpaka wale wasiopoteza ng'ombe nao wamebeba sehemu yao: mijini wanakokula mahindi ya Kondoa, na maofisini zinakoandikwa amri.

Dawa ya deni ni kulipa, wala malipo hayangoji amri kubwa. Waalimu na wazee wa mitaa, mtazameni mfereji mdogo ulio nyuma ya nyumba zenu kabla ya masika. Mawe machache na mashina ya katani yaliyopandwa kwa kuukinga mteremko hutosha leo. Miaka ishirini baadaye hayatatosha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na korongo likiisha kufunguka hakuna awezaye kuujenga ukuta wake.