Simu Iliyopigwa Bure

Tukubaliane kwanza: anayepiga simu kwenye shindano la redio au runinga hanunui zawadi, ananunua nafasi. Nafasi yenyewe inaweza kuwa ndogo kama punje ya ulezi, lakini ipo, na ndiyo anayoilipia.

Mwaka 2007 Uingereza ilitikiswa na kashfa za simu za watazamaji. Kituo cha GMTV kilitozwa faini ya pauni milioni 2 kwa sababu waliongia fainali walikuwa wakichaguliwa kabla ya laini kufungwa. Watu wakaendelea kupiga, wakaendelea kukatwa hela. Huo ni wizi tu, hauhitaji falsafa.

Kinachonisumbua mimi ni Blue Peter, kipindi cha watoto cha BBC. Novemba 2006 mitambo ya simu iligoma katikati ya shindano, kipindi kiko hewani. Mtoto aliyekuja kutembelea studio akaombwa ajifanye mpigaji. Akajibu swali, "akashinda". Julai 2007 mdhibiti, Ofcom, akaitoza BBC pauni 50,000. Wapo wanaosema kosa lilikuwa dogo: mitambo imeharibika, sasa ungefanyaje?

Ungesema, basi! "Jamani watoto, simu zimegoma." Mtoto anayevunja vikombe kila wiki anaelewa vizuri tu kwamba vitu huharibika.

Kant alikataza kumtumia mtu kama chombo tu. Waliopiga walitumiwa kukipa kipindi sura ya ukweli, na yule wa studio akatumiwa kuwadanganya wenzake. Huyu ndiye ninayemwonea uchungu zaidi. Alifundishwa uongo na watu wazima aliowapenda, halafu akapewa zawadi.

Ndiyo maana navipenda vile vipindi vyetu vya salamu. Havina mshindi. Jina lako likisomwa umepata ulichotaka. Likirukwa, unajua limerukwa.

Baadaye mwaka huohuo 2007 ikabainika kuwa hata kura ya kumpa jina paka wa Blue Peter (hii ilikuwa ya mtandaoni) ilipuuzwa. Watoto walichagua Cookie, paka akaitwa Socks. Kama kosa ni pesa, hapa hakuna kosa. Mimi naliona, tena ni lilelile: umeulizwa, umejibu, jibu limetupwa, na bado unaambiwa limesikika.

BBC iliomba radhi, ikaleta paka wa pili, ikamwita Cookie. Socks akabaki na jina lake.