Ndugu Akifilisika, Deni Huenda Wapi?

Nchini Kenya, mtu akishatangazwa mufilisi, wanaomdai hawaruhusiwi kumshtaki mmoja mmoja bila idhini ya mahakama. Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 huiweka mali yake mikononi mwa msimamizi. Kila mdai huwasilisha dai lake, kisha hugawana kilichopatikana. Kwa kawaida, miaka 3 baada ya kutoa taarifa ya hali yake ya fedha, mufilisi hufunguliwa, na madeni yake mengi ya nyuma hayadaiki tena.

Benki hufunga faili. Kaka aliyemkopesha mdogo wake mtaji wa duka hana faili la kufunga. Watakutana arusini, matangani na kwenye kikao cha ukoo. Je, deni lililofutwa na sheria limefutika pia mbele ya Mungu?

Mkusanyo wa hadithi wa Sahih Muslim umepokea habari ya mtu aliyenunua matunda, yakapatwa na balaa, madeni yakamlemea. Mtume Muhammad aliamrisha watu wamsaidie kwa sadaka. Haikutosha. Akawaambia wanaomdai wachukue walichokikuta, hawana zaidi ya hicho. Wanachuoni wengi wameelewa kwamba hawakuwa na zaidi kwa wakati ule: salio hubaki shingoni mwa mdaiwa mpaka apate uwezo, au mdai amsamehe. Kwa hiyo mufilisi aliyeinuka tena, akajenga na kununua gari, hawezi kumwonyesha kaka yake karatasi ya mahakama na kudhani mambo yamekwisha.

Torati ilishika njia nyingine. Kumbukumbu la Torati, sura ya 15, huamuru madeni yaachiliwe kila mwaka wa 7, na anayeachiliwa ni ndugu. Mgeni anaweza kuendelea kudaiwa. Sura hiyohiyo inamkanya mwenye mali anayekataa kukopesha kwa kuwa mwaka huo umekaribia. Hofu hiyo haikwisha. Mapokeo ya Kiyahudi yanasimulia kwamba mwalimu wa sheria Hillel alipoona watu wanawanyima maskini mikopo, aliweka utaratibu wa kukabidhi madai kwa mahakama ili yasifutike.

Kabla mali haijagawanywa, undugu haumpi mtu haki ya kutangulia. Kaka anayelipwa kimyakimya usiku wa kuamkia kesi anakula fungu la fundi na la muuza unga. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1986 ililiona hilo: malipo ya upendeleo kwa jamaa yanaweza kurudishwa hata yakiwa ya miaka 2 kabla ya ombi la ufilisi, ilhali kwa wengine ni miezi 6.

Baada ya mgawo, neno ni la mdai. Katika Kurani, sura ya al-Baqara, aya ya 280, inamtaka ampe muda mwenye dhiki, na kusamehe ni bora zaidi. Kinachoumiza ni kutofanya lolote kati ya hayo: hadai, hasamehi, ila kila mdogo wake akifungua mdomo kikaoni anakumbushwa duka lililokufa. Huo ni utumwa, na haufai kuitwa subira.

Wako pia wanaotaka deni walilosamehe lihesabiwe kuwa zaka yao, maana wadaiwa wametajwa miongoni mwa makundi 8 ya wapokeaji. Wanachuoni wengi wamekataa. Kaka anaweza kumpa mdogo wake zaka mkononi, bila sharti la kurudishiwa, na mdogo mtu akaamua mwenyewe amlipe nani kwanza.