Nyumba ya Omri na Shamba la Nabothi

Masomo: 1 Wafalme 16:23–28, 1 Wafalme 21, 2 Wafalme 10:1–11

Kitabu cha Wafalme chaueleza utawala wa Omri kwa mistari sita tu. Twasoma ya kwamba alitawala miaka 12, akanunua kilima kwa Shemeri kwa talanta mbili za fedha, akajenga mji juu yake akauita Samaria, akatenda maovu mbele za Bwana, akafa. Msomaji aweza kupita hapo upesi, akidhani ya kuwa Omri alikuwa mfalme mdogo. Walakini mawe ya kale yashuhudia mengine.

Mwaka 1868 mmisionari F. A. Klein alionyeshwa jiwe jeusi huko Dhiban, ndiyo Diboni ya Maandiko, upande wa mashariki wa Bahari ya Chumvi. Maneno yaliyochorwa juu yake ni ya Mesha, mfalme wa Moabu, yule mfuga kondoo tumsomaye katika 2 Wafalme 3. Baadaye Wabedui walilichoma moto jiwe lile, wakalimwagia maji ya baridi, likapasuka. Lakini chapa yake ilikuwa imekwisha kutwaliwa juu ya karatasi, na vipande vilivyopatikana viliunganishwa, navyo vimewekwa Louvre, mjini Paris. Mesha ajisifu kwamba ameivunja nira ya Israeli. Ila kwanza yampasa kukiri ya kuwa Omri aliionea Moabu siku nyingi, naye asema sababu yake ni hasira ya Kemoshi, mungu wake, juu ya nchi yake mwenyewe. Hata asiyemjua Bwana aliuliza hasira yatoka wapi taifa lipigwapo.

Waashuri nao waliiita Israeli Nyumba ya Omri, hata uzao wake ulipokwisha kuangamizwa. Yehu mwenyewe, aliyeukata uzao huo, ameitwa mwana wa Omri katika nguzo nyeusi iliyofukuliwa Nimrud mwaka 1846, ionyeshayo kodi aliyomtolea Shalmanesa wa Tatu mwaka 841 kabla ya Kristo. Na jiwe jingine la Shalmanesa, lililopatikana Kurkh mwaka 1861, lahesabu adui zake katika vita ya Karkari ya mwaka 853 kabla ya Kristo. Hapo Ahabu, mwana wa Omri, ameandikiwa magari 2,000 na askari 10,000. Wataalamu wengine waona kwamba hesabu ya magari imezidi kiasi. Lakini adui hamwandikii hivi mtu asiyemwogopa.

Vita hiyo haimo katika Biblia hata kwa neno moja. Badala yake tumepewa sura nzima juu ya shamba moja la mizabibu.

Huko Yezreeli, katika miaka ya 1990 hadi 1996, wachimbaji walifukua ngome ya wafalme wa Israeli, yenye minara na handaki lililochongwa mwambani. Mwaka 2013 wengine wakafunua chini ya kilima shinikizo la kale. Halina jina la mtu, wala hatusemi ni la Nabothi. Yatosha kwamba zabibu zilikanyagwa pale.

Omri alipotaka kilima, alitoa fedha akapewa. Ahabu alidhani fedha itamfanyia vivyo hivyo. Lakini Nabothi alikataa, wala si kwa kiburi: shamba lilikuwa urithi wa baba zake, na Torati yasema katika Walawi 25 ya kuwa nchi ni mali ya Bwana, nao wakaao ndani yake ni wageni wake.

Wazee wa kanisa na walimu wetu, tulieni hapa kidogo. Yezebeli hakutuma askari. Aliandika barua kwa jina la mfalme, akaitia muhuri, akaipeleka kwa wazee na wakuu waliokaa mji mmoja na Nabothi. Hao walimjua. Wakapiga mbiu ya kufunga, maana uuaji huu ulivikwa vazi la ibada. Wakaweka mashahidi wawili wa uongo, wakamtoa nje ya mji, wakampiga kwa mawe. Hatusomi kwamba mmoja wao aliuliza neno. Muhuri ulitosha.

Miaka ilipopita, Yehu naye aliandika barua kwa wazee na walezi wa wana wa Ahabu huko Samaria. Nao wakaogopa vile vile, wakatii vile vile. Wana wa mfalme, watu sabini, wakakatwa vichwa. Vikatiwa vikapuni, vikapelekwa Yezreeli. Handaki na minara havikufaa kitu, kwa kuwa nyumba ya Ahabu ilikuwa imewafundisha wakubwa wa Israeli kutii kila barua.

Barua za namna hii hazijakoma. Mzee aitwaye kushuhudia mpaka wa shamba la mjane, na mwenye nguvu amekwisha kumnong'oneza la kusema, huyo yuko Yezreeli leo. Na ajue ni nani mwingine aliyesimama mahali pa Nabothi. Mwokozi wetu aliletwa mbele ya wazee, wakamtafutia mashahidi wa uongo, wakamhukumu kwa neno lile lile la kumkufuru Mungu, akashitakiwa kuwa adui wa Kaisari, akatolewa nje ya mji. Naye aliwafia hata wazee waliotia sahihi zao penye uongo, ili wapate kutubu.

Ahabu mwenyewe, aliposikia neno la Eliya shambani, alirarua mavazi yake, akavaa gunia, akafunga. Na mara hii kufunga hakukuwa kwa uongo. Bwana akamwonyesha Eliya jinsi mfalme alivyojinyenyekeza, akasema mabaya hayatakuja siku zake. Haya hatuyasomi katika jiwe la Mesha wala la Shalmanesa.