Kuhani kwa Simu



Akifa mtu leo katika miji yetu ya pwani, habari huenea kwa simu kabla maiti hajaoshwa. Hilo ni jema, wala hatulikatai. Wengi huwahi kusalia jeneza na kuzika, ambao zamani wangalipata habari baada ya siku mbili. Linalotusikitisha ni lile lifuatalo. Katika kundi la WhatsApp la mtaa watu huandika, mmoja baada ya mmoja, ya kwamba sote ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea, na aghalabu yao hunakili tu maneno ya aliyetangulia. Wenye huruma zaidi hutuma na shilingi 500 kwa M-Pesa. Kisha kila mmoja hujiona amekwisha kuhani.

Twauliza: amemhani nani? Pole zote zile zimo katika simu ya mtoto wa marehemu, naye ana shughuli ya sanda na kaburi, hana wasaa wa kuzisoma. Mjane yuko ndani, na simu yake ni ya kupiga na kupokea tu. Ameingia eda ya miezi 4 na siku 10, na katika muda huo hatoki nyumbani ila kwa haja. Yeye hawezi kuwaendea watu. Watu ndio iwapasao kumwendea.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alijua kupeleka habari mbali. Alimwandikia Hirakli, Kaisari wa Rumi, na barua ikachukuliwa na Dihya al-Kalbi. Lakini alipouawa Jaafar bin Abi Talib katika vita vya Muta, mwaka wa 8 wa Hijra, waandishi wa sira wamesimulia kuwa alikwenda mwenyewe nyumbani kwa mjane wake, Asma bint Umays, akataka aletewe watoto, akawanusa, na machozi yakamtoka. Kisha akaamrisha watu wa Jaafar wapikiwe chakula, kwa sababu ya msiba uliowashughulisha.

Wapo watakaosema kwamba sisi ndio tuliopiga vita matanga. Naam, tulikataza wafiwa kuulisha mji mzima kwa mali ya mayatima, na tungali twakataza. Hatukusema nyumba ya msiba iwe tupu.

Aliye Jeddah au London ana udhuru, na sauti yake katika simu ni faraja. Bora apige, asiandike. Bali aliye Kibokoni, na msiba uko Kuze, udhuru wake ni upi? Safari hiyo hutumwa mtoto dukani akarudi kabla chai haijapoa.

Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi wameweka siku 3 za kuhani, ili huzuni isifufuliwe. Haki ya jirani haikukomea hapo. Zikiisha siku hizo kundi hurejea kwenye habari za mpira na bei ya unga, na mjane amebakiwa na miezi 4 na siku 7 za kukaa ndani. Basi wake wa mtaa wagawane siku, waende wakae naye baada ya alasiri. Na wanaume wamwulize mwanawe kama nyumba ina maji, kama ina gesi, na karo ya muhula imelipwa au haijalipwa.